Lau Bahari Ingekuwa Uji

Siku hizi ukipita mashambani wakati wa karafuu utadhani umepita makaburini. Mtu yuko juu ya mkarafuu, mwenzake yumo mkarafuu wa pili, na kila mmoja anawaza yake. Karafuu zinachumwa, zinaanikwa, zinachukuliwa, na hakuna aliyecheka. Wazee wa Pujini husema karafuu za zamani zilinukia zaidi. Wanasingizia udongo, wanasingizia mvua. Hasha! Zilinukia kwa sababu ya lau.

Lau ulikuwa mchezo wa msimu. Wanawake wamekaa jamvini kivulini wanachambua, makonyo, vile vijiti vyake, huku, karafuu huku, na wanaume wako juu na ngoe zao wanavuta matawi. Hawaonani. Mkarafuu una majani mazito, ukimwona mchumaji umeona nyayo zake tu. Basi mmoja wa jamvini hupaza sauti: "Lau!" Na juu hujibiwa: "Lau nini?" Hapo huulizwa jambo la kipuuzi, la kipuuzi kabisa, maana swali lenye akili lilikuwa halipokelewi. Jibu nalo lilikuwa na sharti: literemke kabla muulizaji hajavunja konyo la tatu. Likichelewa, limelala, na aliyechelewa huzomewa mpaka alasiri.

Mwatum binti Mbarouk ndiye aliyekuwa bingwa wa kuuliza. Huo ni msimu ule mkubwa, vita vya Mjarumani vimekwisha miaka saba au minane, na matawi yanakatika kwa uzito wa karafuu. Mwatum alikuwa na miaka kumi na minane, mwembamba, na ulimi wake haukuwahi kulala njaa. Alikaa jamvi la kisimani, chini ya mkarafuu mmoja mkongwe mpana kama nyumba.

"Lau!"

"Lau nini?"

"Lau bahari ingekuwa uji?"

Hajavunja hata konyo moja, sauti ikateremka kutoka mkarafuu ule: "Ningehama nchi kavu nikaoa kijiko!"

Jamvi zima likaanguka kwa kicheko. Kesho yake Mwatum akauliza lau kuku wangekuwa wananyonyesha. Sauti ikajibu: "Jogoo angetoroka mji, maana angeambiwa abebe mtoto!" Keshokutwa akauliza lau mvua ingenyesha samli. Sauti ikasema: "Ningeuza mwavuli nikanunua mkate!" Ikawa hivyo msimu mzima. Sauti ile ilikuwa nyepesi, ina kicheko ndani yake hata kabla ya kucheka, na Mwatum alianza kuamka alfajiri akitunga maswali. Mama yake akimtuma kuni, anarudi na maswali manne na ukuni mmoja.

Jina la mwenye sauti hakulijua. Wachumaji waliitana kwa miti yao, we wa kisimani, we wa bondeni, na msichana wa watu hawezi kuinuka akaenda kuchungulia wanaume mitini. Alijua mkarafuu tu, na ilimtosha.

Karafuu zilipokaribia kwisha, Bi Mize, aliyekuwa somo yake tangu alipovunja ungo, akamwita uani. Bi Mize alikuwa mwanamke mfupi, mzito, mwenye kusema kweli bila kuombwa.

"Imekuja posa," akasema. "Kijana wa Wambaa. Watu wao wavuvi, lakini yeye kaja kuchuma. Ndiye anayechuma mkarafuu wa kisi—"

"Nimekubali!"

"Ebo! Mwanamwali hajibu hivyo! Ananyamaza, anatazama chini, na kunyamaza kwake ndiko kukubali kwake."

"Basi nimenyamaza," akasema Mwatum, akatazama chini, na mabega yanacheza.

Arusi ikafungwa mwezi wa Mfunguo Pili. Mzee Mbarouk aliozesha kwa heshima, ng'ombe mmoja na mbuzi wawili, na kama ilivyo ada, bwana arusi aje kwa kina mke, akae fungate ya siku saba, kisha siku ya saba watu wa kwao waje kumchukua mkewe. Mwatum akapakwa hina, akafukizwa udi mpaka akapiga chafya, akakalishwa kitandani na kanga mpya usoni. Nje wanawake wakaziba mlango, watu wasiseme bwana arusi kapita kama mbuzi. Na kwa kuwa ilikuwa arusi ya shambani, hawakutaka chochote ila lau.

"Lau!" wakaita. "Lau mlango huu ungekuwa na meno?"

"Tungeupigisha mswaki kwanza, ndipo tuingie!"

Ile ile! Sauti ile ile! Vigelegele vikapanda mpaka dari. Mwatum chini ya kanga yake alihisi moyo umejaa hata hauna pa kukaa. Mlango ukafunguliwa, mtu akaingia na kanzu inayochakarisha, mlango ukafungwa. Mtu yule akakaa ukingoni mwa kitanda, mbali, akasema, "Asalaam alaykum."

Sauti nzito, ya chini, ya mtu anayeomba maji nyumba ya watu.

Na papo hapo kutoka nje ya mlango ikasikika sauti nyingine, nyepesi, imejaa kicheko: "Haya tena, bwana arusi! Ukishindwa niite, nije nikujibie!"

Watu wakacheka. Mwatum hakucheka. Akafunua ukingo wa kanga akatazama. Alikuwa kijana mpana, mweusi, uso wa upole, viganja vikubwa vimelala magotini kama havina mwenyewe. Anaitwa Silima. Mwatum akateremsha kanga, na machozi yakateremka nayo.

Asubuhi Bi Mize alipoleta mkate wa kumimina na chai, alimkuta mwari wake macho yamevimba. Silima alikuwa ametoka nje kutawadha.

"Si yeye," Mwatum akasema. "Bi Mize, wallahi si yeye. Yule mwenye majibu yuko nje."

Bi Mize akaweka sinia chini. Akauliza, akaelezwa, akashika kiuno. Kumbe mkarafuu wa kisimani ulikuwa na wachumaji wawili, kwa ukubwa wake, mmoja upande wa jua na mmoja upande wa kisima. Silima na binamu yake Abrahman. Aliyejibu alikuwa Abrahman. Aliyeposa alikuwa Silima.

"Sasa, mwanangu, maji ukishayavulia nguo—"

"Miye nilivulia maji mengine!"

Bi Mize alitaka kucheka, akajizuia kwa taabu. "Huyo Abrahman," akasema, "anajibu kila jamvi. Alikujibu wewe, kawajibu na wa bondeni, na hata sura yako haijui. Debe tupu haliachi kuvuma."

"Hata hivyo. Mie Wambaa siendi. Nikae na jiwe maisha yangu yote?"

Basi Bi Mize akafikiri, kisha akatoa neno lake. Siku ya saba Wambaa watakuja. Ikiwa siku hiyo Mwatum bado hataki, yeye Mize ataingia mwenyewe kwa Mzee Mbarouk, amweleze, na mahari yarudi kwa wenyewe na mtoto abaki kwao. Mbarouk atafoka, lakini atafahamu. "Lakini siku saba umpe," akasema. "Saba kamili. Sitaki kusikia habari ya sita."

Siku ya kwanza na ya pili zikapita kama kungojea mvua ya vuli. Silima alikula, akashukuru, akasali, akatengeneza bawaba ya dirisha iliyokuwa inalia. Akiulizwa, anajibu ndiyo au siyo. Mara moja alisema, "Chai tamu," na Mwatum akaona hiyo ndiyo hotuba.

Siku ya tatu uchungu ukamzidi. Akasema kwa ukali, kama mtu anayetupa jiwe, "Lau papa wangekuwa na miguu?"

Silima akageuka. "Papa gani?"

"Papa yeyote!"

Akatazama ukuta. Mwatum akavunja vidole vyake kimoja, viwili, vitatu, vikalia. Silima bado anatazama ukuta. Adhana ya magharibi ikasikika, akainuka akaenda kusali, na jibu likawa hakuna. Mwatum akalala akitazama ukuta na kuomba Mungu siku ziende mbio.

Siku ya nne, baada ya alasiri, Silima alikuwa anakuna nazi, kazi ambayo hakuna aliyemtuma. Bila kuinua macho akasema:

"Lile la papa."

"La nani?"

"Papa mwenye miguu. Nimeliangalia." Akakuna kidogo. "Angetaka kuja Chake sokoni mwenyewe, asisubiri kuletwa. Lakini njia ni ndefu, na papa jua haliwezi. Ingembidi anunue mwavuli dukani kwa Walji. Na miavuli ya Walji unaijua. Upepo ukija inageuka juu. Papa angeona haya mbele ya watu, angerudi baharini, na miguu angeifunga kwa kamba asiitumie tena. Kwa hiyo naona ingekuwa vile vile."

Alisema hayo kama mtu anayetoa ushahidi kwa kadhi. Mwatum akamtazama usoni atafute mzaha, hakuuona popote. Ndipo kicheko kikamtoka puani, hakukitaka, kikamtoka tu, na akajifunika mdomo kwa kanga. Silima akaendelea kukuna nazi. Lakini Mwatum aliona masikio yake yamebadilika rangi.

"Mbona hukusema jana?" akamwuliza.

"Jana nilikuwa bado sijafika kwa Walji."

Usiniambie hilo si jibu. Mwatum usiku ule alilala akitazama dari, si ukuta.

Siku ya tano alikuwa yeye anayengojea alasiri, ingawa angekuuma ukimwambia hivyo. Silima akaja na kinu cha mama mkwe na mti wa kukichongea mchi mpya. Akakaa mkekani.

"Uliuliza lau bahari ingekuwa uji," akasema.

Mwatum akashtuka. "Hilo la msimuni! Lilishajibiwa."

"Alijibu Abrahman. Mimi nilikuwa upande wa kisima, nafikiri. Nilipopata, mlikuwa mmeshacheka, mmekwenda lau nyingine." Akageuza mchi. "Yote yalikuwa hivyo. Kila ulilouliza nililifikiri, na kila nililopata lilikuwa limechelewa. Basi nikayaweka."

"Umeyaweka wapi?"

Silima akafikiri hilo nalo. "Tumboni," akasema.

"Haya. Bahari ya uji."

"Wa kwanza kuumia ni pweza. Pweza anajificha kwa wino wake, na kwenye uji wino hauendi mahali, unabaki pale pale. Kila mtu angemwona. Pweza wangekwisha mwaka ule ule. Na mama yangu anapenda pweza. Kwa hiyo mie nasema ibaki maji."

"Na kuku wanaonyonyesha?"

"Kuku ana vifaranga kumi na wawili, na chuchu ningempa mbili, kama mbuzi. Nimehesabu zamu zao. Ya kifaranga wa mwisho inafika magharibi. Na kuku magharibi haoni." Akanyanyua macho kwa mara ya kwanza. "Angemnyonyesha paka."

Lo! Mwatum alicheka mpaka akaegemea ukuta, akacheka mpaka Bi Mize huko uani akaacha kupepeta. Na alipokuwa anapangusa macho, kitu kimoja kikamwingia kwa utaratibu, kama maji yanavyoingia shimoni. Msimu mzima alikuwa akiwarushia watu maswali yake kama makapi. Abrahman aliyadaka akayatupa. Huyu hapa aliyachukua moja moja akaenda nayo kwao.

Siku ya sita hakungojea kuanzwa. "La samli," akasema. "Lau mvua ingenyesha samli."

Silima akateremsha macho, na safari hii si kwa kufikiri. Akakwaruza mkeka kwa kidole.

"Hilo nalo ninalo," akasema. "Ila si la kupigia kelele mtini."

"Hapa hapana mti."

"Mvua ya samli ingefanya mkarafuu uteleze. Wachumaji wote tungeanguka. Mimi nilikuwa juu, upande wa kisima, na jamvi lenu liko chini yangu hasa." Akautazama mkeka. "Ningekuangukia wewe. Nilipima. Nikawa kila wingu likipita natazama juu."

Mwatum akatazama chini. Yeye, Mwatum binti Mbarouk! Alikaa pale anazungusha bangili yake, na uso unamwaka, na alijua kwamba hajawahi kuambiwa neno kama lile wala hataambiwa na mwingine. Akajiuliza afanye nini. Sauti aliyoipenda haikuwa ya huyu mtu, hilo ni kweli na halikufutika. Lakini sauti ile, akiikumbuka sasa, haikuwa imesema kitu.

Siku ya saba asubuhi wanawake wa Wambaa walionekana njiani na ngoma yao, wanakuja kumchukua bi arusi. Mama yake Mwatum alikuwa anafunga kasha la nguo. Silima akasimama kati ya chumba, amevaa kanzu, kofia mkononi.

"Nilikusikia siku ya kwanza," akasema. "Ulipomwambia Bi Mize. Nyumba hii ni makuti na udongo, na mie nilikuwa hapo nje natawadha. Najua kama hukunitaka mie."

Mwatum akainamisha kichwa.

"Sina ugomvi. Ukibaki kwenu, nitawarudisha watu wetu mwenyewe, nitawaambia kosa ni langu, asikusute mtu. Ila na mie nina lau moja. Sijawahi kuuliza hata siku moja." Akavuta pumzi. "Lau siku ile Bi Mize alipokuja na posa ungejua ni mimi, ungekubali?"

Ngoma imefika mlangoni. Mwatum akafungua mdomo, yeye aliyewahesabia wengine konyo la tatu msimu mzima, na mdomo ukawa hauna kitu. Akisema ndiyo atakuwa amesema uongo, na mtu huyu haambiwi uongo. Akisema siyo, basi ndiyo hiyo, watu warudi na ngoma yao. Akatazama viganja vile vikubwa vinavyozungusha kofia.

"Sijui," akasema. "Nipe muda nifikiri."

Silima akatikisa kichwa kukubali. Kwake yeye muda ulikuwa ni kitu cha kawaida.

Bi Mize akaingia, akafunga mlango nyuma yake, akanong'ona: "Haya. Siku ya saba hiyo. Niende kwa baba yako, nisiende?"

"Usiende."

"Umempenda?"

"Bi Mize, mie nimeulizwa swali," akasema Mwatum, anatafuta viatu vyake chini ya kitanda. "Nitaondokaje kabla sijajibu?"

Akaenda Wambaa. Akazaa watoto watano, akazika mmoja, akajifunza kuparua samaki na kutukana kwa lafudhi ya huko. Abrahman alihamia Tanga, akaoa na kuacha, akaoa na kuacha, na salamu zake zilipokuja zilikuwa za kuchekesha daima. Misimu ikaja na kupita. Majamvini lau ikaanza kupungua, vijana wakawa wanaona ni upuuzi, na mwaka mmoja Mwatum akaita "Lau!" na juu hakujibu mtu. Akajihisi mzee siku hiyo kuliko siku aliyoona mvi yake ya kwanza.

Silima hakumdai jibu hata mara moja.

Ilikuwa wakati wa vita vya pili, nguo hazipatikani na sukari ni kwa mstari, wako wawili uani wanaanika karafuu. Silima anazigeuza kwa mkono, polepole, kama afanyavyo kila kitu. Mwatum akasema:

"Nimelipata."

"Lipi?"

"Jibu. Lile la siku ya saba."

Silima akaacha kugeuza.

"Nisingekubali," akasema Mwatum. "Ningejua ni wewe, ningekataa pale pale, na Bi Mize angekwenda kuwaambia watu wenu hapana. Na mie leo ningekuwa Tanga nacheka, sina mtu. Kila nikisali nasema alhamdulillahi, sikujua."

Silima akatazama jamvi, akainama, akaendelea na karafuu zake. Mwatum akaingiwa na hofu. Miaka kumi na tisa alikuwa analishika neno hili apate kulisema kwa ukweli wake wote, na sasa huenda amemchoma. Siku hiyo Silima hakulitaja, wala siku ya pili, naye Mwatum hakuthubutu kuuliza.

Siku ya tatu, baada ya alasiri, wanakula muhogo wa nazi. Silima akapeleka tonge mdomoni, mkono ukasimama njiani. Mabega yakaanza kutikisika. Kisha kikamtoka kicheko ambacho Mwatum hakuwahi kukisikia kwa miaka yote ile, kikubwa, cha kutoka chini kabisa, mpaka kuku wakakimbia na jirani akachungulia, na machozi yanamtiririka mzee wa watu, na muhogo ukampalia. Mwatum akampiga mgongoni, akampa maji, akamwambia ale polepole.